Mkate wa Mahindi na Mpishi Asiyepika Kwake

Vijana wangu wa jikoni,

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo kwa miaka thelathini na mbili, bila shaka kitu alichokuwa anakikosa ni saa. Meneja naye alinishika mkono, akaniomba niandike "uzoefu" wangu kwenye ukurasa mmoja, ubandikwe pale ukutani kando ya kizima moto ambacho hakijawahi kuzima hata njiti ya kiberiti. Ukurasa mmoja umenishinda. Kama haya hayatoshi ukutani, yafungieni maandazi.

Habari za vyeo siandiki, kwa sababu nilipata kimoja tu, na nilikipata kwa kuwa aliyekuwa nacho alizeeka. Za mshahara naziacha pia. Hazikuwahi kuwa hadithi ndefu.

Nilianza kazi mwezi wa Julai, wakati baridi ya Sumbawanga inapomkumbusha mtu dhambi zake. Nilikuwa nimetoka kijijini, mbele kidogo ya Chala, nimevaa koti la kaka yangu ambalo mikono yake iliishia kwenye viwiko. Nyumba ya wageni ya Malangali wakati huo ilikuwa na vyumba vinane na jiko la nyuma lenye dirisha moja. Dirishani alisimama mpishi mkuu, Mzee Pankrasi, mtu mfupi mwenye aproni nyeupe kuliko shuka za wageni. Upishi alifundishwa na mapadre wa zamani, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unajua kupika?"

"Najua."

"Unajua kupika nini?"

"Ugali."

"Hata mbuzi angejua kupika ugali kama angekuwa na mikono. Menya viazi."

Nilimenya ndoo nzima. Alipokuja kukagua, aliokota ganda moja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kijana, tutawapa wageni haya maganda. Yana nyama kuliko viazi vyenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa. Ninyi mnapewa semina ya siku mbili yenye chai na vitafunwa.

Wiki ya pili nilifanya kosa ambalo karibu linirudishe Chala kwa miguu. Mzee Pankrasi alikuwa na kikaango kimoja kizito cha chuma, cheusi kama sehemu ya ndani ya bomba la moshi. Nilikiona kichafu. Nikakisugua kwa sabuni na waya wa kusugulia mpaka kikawa cha kijivu, nikakiweka juani kikauke, nikasubiri sifa. Mzee alikichukua, akakigeuza juu chini. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama mama yangu yu hai, maana alitaka kujua wa kumlaumu. Ikanibidi nikipake mafuta ya nguruwe na kukichoma motoni kila siku kwa wiki mbili, hadi weusi wake ukarudi. Ndipo nilipojua kuwa ule haukuwa uchafu. Ilikuwa kazi ya miaka mingi imegandia pale, na ndiyo iliyofanya chakula kisishike. Kikaango cha chuma hufutwa kwa chumvi na kitambaa, basi. Nasikia mmeletewa vile vyepesi vya kung'aa. Hongereni. Vitadumu hadi Krismasi.

Alinifundisha pia kusikiliza mafuta. "Mafuta yana mdomo," alikuwa akisema. Unadondosha punje ya kinyunga, ule unga uliokandwa. Mafuta yakinyamaza, subiri. Yakizungumza taratibu, ingiza chakula. Yakitoa moshi, usiingize kitu, kavue aproni ukaombe msamaha.

Jikoni tulikuwa watatu, wanaume watupu, na hakuna aliyekuwa anapika nyumbani kwake. Mzee Pankrasi alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo: "Fundi viatu anayemshonea mkewe, ujue amekosa wateja." Niliupokea bila kuuchunguza. Msemo wowote unaompunguzia mtu kazi huonekana una hekima. Mke wangu Leokadia alikuwa na jiko lake la mafiga matatu nyuma ya nyumba. Mimi nilirudi jioni, nikanawa, nikauliza kuna nini. Na kilichokuwepo nilikikosoa. Chumvi imezidi. Maharage hayajaiva sawasawa. Mtaalamu alikuwa anazungumza.

Wageni wagumu niliwapata wengi. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mkaguzi wa sijui nini, ambaye huko kwao walikuwa wamemwonya juu ya Sumbawanga na radi zake na uchawi wake. Siku nne alikula mayai ya kuchemsha tu, na aliyamenya mwenyewe, kwa kuwa aliamini uchawi haupiti kwenye ganda. Siku ya tano njaa ilimshinda, akaomba maharage. Alikula sahani tatu. Alipopata kiungulia usiku, alituambia alikuwa anajua.

Lakini aliyenifundisha kazi kuliko wote, ukimwondoa Mzee Pankrasi, ni Bi Dora.

Miaka mingi baada ya mimi kuanza kazi, Bi Dora alikuja na kundi la walimu wa kujitolea kutoka Marekani, huko kusini kwao. Alikuwa mama mtu mzima, mweusi kama sisi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Sokoni akina mama walimsemesha Kifipa, naye asipojibu wakasema anaringa. Mezani kwetu alikuwa anarudisha mkate. Kila asubuhi sahani ilirudi na vipande vyake vyote vya mkate wa ngano, na ujumbe kupitia kwa Gaudensia, binti wa mapokezi, ambaye Kiingereza chake ndicho kilichokuwa kinatuunganisha.

"Anasema huu si mkate, ni sifongo," Gaudensia akatuambia. "Anasema kwao mkate ni wa mahindi, unakaangwa. Anauliza, mbona amepita mashamba ya mahindi njia nzima na mezani hayaoni?"

Mzee Pankrasi alikunja uso. "Mwambie mahindi ni chakula chetu sisi. Yeye ni mgeni."

Wiki ya tatu tangu walimu wale wafike, meneja wa wakati huo alikuja jikoni mwenyewe, jambo ambalo hulifanya mameneja wakati wa moto au wa hasara. Alisema wale walimu wanamsikiliza Bi Dora, na Bi Dora anazungumzia kuhamia kwenye nyumba ya wageni nyingine karibu na stendi. Wakihama, itabidi apunguze mtu jikoni. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Mzee Pankrasi alikuwa anajua siri zote za nyumba ile, na mwenzetu wa tatu alikuwa mpwa wa meneja.

"Utapika huo mkate," Mzee Pankrasi akaniambia.

"Sijawahi kuuona."

"Vizuri. Hutakuwa na mazoea mabaya."

Jaribio la kwanza nilichukua unga wa sembe, maji ya uvuguvugu na chumvi. Niliviringa vidonge vizuri, nikaviingiza kwenye mafuta, vikasambaratika vyote nikabaki na uji wa kukaanga. La pili nilisonga kabisa kwenye sufuria, nikakata vipande, nikakaanga. Hivyo havikuvunjika. Havikuvunjika hata mezani. Bi Dora alichukua kimoja, akagonga nacho ukingo wa sahani mara tatu, akasema kwa Kiswahili chake chote alichokuwa nacho: "Hodi!"

Halafu akainuka, akaja jikoni. Mgeni hakuruhusiwa kuingia jikoni, tena mwanamke, na Mzee Pankrasi akasimama mlangoni. Bi Dora alimwamkia vizuri, akampita ubavuni kama anayempita ng'ombe aliyelala njiani. Alishika unga, akausugua kwa vidole.

"Anasema hii ni poda ya mtoto," akatafsiri Gaudensia. "Anataka wenye chenga, usiokobolewa."

Nilikwenda Milanzi kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alipoambiwa asage dona na aiache na chenga, alizima mota.

"Chenga hivi? Una kuku?"

"Si wa kuku. Wa Mmarekani."

Aliduwaa. "Maskini. Hali imekuwa mbaya hadi huko?"

Sasa andikeni, maana najua mnavyopika kwa kutazama simu, na simu huzimika. Vikombe viwili vya unga wa dona wenye chenga. Chumvi kijiko kidogo. Mafuta ya nguruwe kijiko kimoja cha mezani ndani ya unga. Maji yatokote. Sikusema yawe ya moto, nimesema yatokote, yarukeruke. Uyamimine kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko, hadi upate kinyunga kama udongo wa mfinyanzi. Acha kipumzike kwa muda wa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, za taratibu, si zile mnazosali mkiwa na haraka. Lowesha mikono maji baridi. Finyanga kama unene wa kidole, upana wa kiganja, ubonyeze juu kwa vidole vitatu, alama zibaki. Mafuta yafike nusu ya unene wa mkate. Ingiza minne tu kwa mara moja, halafu ondoa mikono. Hapo ndipo wengi wenu mnashindwa, kuacha kitu kijipike. Ukingo ukiwa wa dhahabu, geuza mara moja. Ukigeuza mara mbili, unatafuta sababu ya kuwa jikoni.

Mzee Pankrasi, ambaye muda wote alikuwa anajifanya anapanga vikombe, alisogea na kijiko cha sukari. Bi Dora akampiga kofi mkononi, kwa upole, kama mama mkwe.

"Anasema akitaka keki aoe tena," Gaudensia akatafsiri.

Kijiko kikarudi kwenye sukari. Halafu Mzee Pankrasi akacheka. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mingi, na nilikuwa sijui kuwa alikuwa na pengo upande wa kushoto.

Mikate ilipotoka, Bi Dora alivunja mmoja kwenye glasi ya maziwa mgando, yale yanayoletwa na akina mama wa Kisukuma wafugaji, akala kwa kijiko, amefumba macho. Mzee Pankrasi alinong'ona, "Huyu si Mmarekani. Huyu ni Msukuma aliyepotea." Bi Dora hakuhama. Mimi sikupunguzwa. Meneja akauweka mkate kwenye orodha ya vyakula kwa jina la "Mkate wa Kusini", na kwa miaka yote iliyofuata wageni kutoka Lindi na Mtwara walituuliza kwa ukali nani alitudanganya kwamba huo ni wa kwao.

Mzee Pankrasi alistaafu, nikashika nafasi yake, na mkate ule ukawa wangu. Watu walitoka mjini kuufuata. Maharusi waliuagiza. Nilipigwa picha nikiwa nimeushika. Kwangu haukufika hata mmoja.

Hapa ningeweza kuishia, na ukurasa ungependeza ukutani. Lakini mwaka huu, wiki chache baada ya mimi kustaafu, Leokadia aliteleza akishusha mahindi kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akavunjika mkono wa kulia. Hospitali walimfunga plasta, wakasema wiki sita asiushughulishe. Binti yetu Yustina ameolewa Mpanda na ana mtoto mchanga. Jirani yetu Mama Oresta alituletea chakula siku nne, kisha akarudi kwenye mavuno yake, na alikuwa na haki.

Siku ya tano, saa saba mchana, nilikuwa nimekaa naitazama ile saa yenu. Nikasikia kishindo nyuma. Nilimkuta mke wangu amepiga magoti kwenye mafiga, plasta ameiinua juu kama mtu anayeapa mahakamani, anapuliza moto. Unga ulikuwa umemwagika chini. Alikuwa anajaribu kuuzoa kwa mkono wa kushoto.

"Mama Yustina, kaa," nikasema.

"Nikikaa apike nani?"

"Mimi."

Alinitazama kwa huruma. Niliifahamu ile huruma baadaye.

Nilimweka kwenye kigoda, nikaanza. Mpishi mkuu, bingwa wa Mkate wa Kusini, alitumia robo tatu ya saa kuwasha moto wa kuni. Jiko la gesi lilikuwa limeniharibu. Kikaango hakikuwepo, palikuwa na karai jembamba lililobonyea.

"Chumvi iko wapi?" niliuliza.

"Ipo pale ilipo tangu tuoane."

"Mafuta ya nguruwe?"

"Kwenye kopo."

"Kopo liko wapi?"

"Baba Yustina, hii nyumba umehamia lini?"

Juu ya ua kikatokea kichwa cha Mzee Agapiti, jirani yetu, anayeishi kwa kutazama maisha ya wenzake. Aliona mwanamume amechutama kwenye mafiga na mkewe amekaa. Kwake maana ilikuwa moja tu: limbwata.

"Kristofa! Umelishwa?"

"Bado," nikamjibu. "Ndiyo kwanza napika."

Mikate mitatu ya kwanza iliungua, maana karai jembamba halisamehe. Nikapunguza kuni, nikasikiliza mafuta, nikafinyanga mingine. Minne iliyofuata ilitoka kama inavyotakiwa. Nilimpa Leokadia miwili kwenye sahani, na maziwa. Alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, akiugeuzageuza mkate na kuzitazama zile alama za vidole. Sikula. Nimepikia maaskofu na mawaziri, na sikuwahi kusubiri mtu atafune kama nilivyosubiri siku ile.

Alipomaliza akafuta mdomo.

"Kumbe unajua kupika."

"Mimi ni mpishi, Mama Yustina."

"Nilijua unaosha vyombo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mikono yako ilikuwa inarudi imejikunja kwa maji. Mwiko hujawahi kuugusa hapa, hata nilipojifungua. Nikajiambia, mume wangu anaosha sahani za wageni na anaona aibu kusema. Basi nami nikanyamaza. Watu wakiniuliza kazi yako, nawaambia yuko jikoni. Si uongo."

"Na nilipokuwa nakosoa chakula chako?"

"Nilisema, masikini, mwache naye ajione mpishi mahali fulani."

Nilitoka nje ya ua. Kwanza nilikasirika, hasira ya mtu aliyepigwa picha na mkate. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na hesabu nyingine. Wiki aliyozaliwa Yustina, nilipika harusi ya watu wengi pale nyumba ya wageni, nikasifiwa na bwana harusi mbele ya kipaza sauti. Wiki ile ile mke wangu alikunywa uji uliopikwa na Mama Oresta. Sikuwa nimekatazwa na mtu kumpikia. Nilikuwa na msemo tu.

Nilirudi uani. Nikasogeza kuni motoni. Nikamuuliza kama anataka mkate mwingine. Akasema miwili.

Nimepika kila siku tangu hapo. Moto sasa nauwasha kwa njiti mbili. Ugali wa ulezi bado unanishinda, unatoka na mabonge, na Leokadia ananielekeza kutoka kwenye kigoda kwa ukali ambao Mzee Pankrasi angeuonea wivu. Sijaandika haya ili mwende mkapike makwenu. Ninyi ni watu wazima, na wake zenu wana midomo.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, dada yake Leokadia alikuja kutoka Chala kumjulia hali. Anaitwa Anastazia. Huyo ndiye aliyewahi kusema mbele ya ukoo mzima kwamba shemeji yake anaosha sahani, na Leokadia akakaa naye mwezi mzima bila kusalimiana. Mimi sikujua lolote kuhusu ugomvi ule. Niliambiwa walikuwa wanagombea kitenge.

Anastazia aliingia uani akanikuta nimechutama mbele ya karai, mikate minne ndani ya mafuta, unga hadi kwenye viwiko. Akasimama na kikapu chake. Alinitazama, akaitazama mikate, akamgeukia dada yake aliyekaa kwenye kigoda na plasta mapajani.

"Shemeji anapika?"

Leokadia hakupepesa jicho.

"Si nilikuwa nakwambia siku zote? Mume wangu ni mpishi. Wewe ndiye uliyekuwa hutaki kusikia."

Nikageuza mkate.